Maswali ya Wasomaji: Kazi ya Siku Zisizo na Maandamano

Barua nyingi zilizotufikia mwezi huu zinauliza, kwa namna moja au nyingine, ikiwa watu wa kawaida wanaweza kubadilisha sheria za nchi na mila za nyumbani kwao. Tumechagua tatu: moja ya Kisumu, moja ya Kehancha na nyingine ya Nakuru.

SWALI: Mhariri, nakusalimu. Mimi ni kijana wa miaka 26, mkazi wa Kondele, Kisumu, na ninauza vipuri vya pikipiki. Juni 2024 niliandamana hadi Mswada wa Fedha ukaondolewa. Rafiki yangu alipigwa risasi ya mguu na mpaka leo anachechemea. Ilipofika Desemba, baadhi ya tuliyoyakataa yakarudi ndani ya sheria nyingine. Babu yangu anasema kwamba maandamano hayajawahi kubadilisha kitu huku Nyanza, ila kuzika vijana tu. Wenzangu nao wanasema kosa letu lilikuwa kwenda mikono mitupu. Nani kati yao anasema kweli?
Msomaji, Kondele

JIBU: Ndugu yangu, pole kwa jeraha la rafiki yako. Kwa hesabu ya Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu, zaidi ya watu 50 walipoteza maisha katika maandamano ya mwaka ule, na haifai swali kama lako lijibiwe bila kuwakumbuka kwanza. Babu yako naye usimpuuze, kwa sababu mzee aliyekwisha kuzika watoto wa wenzake ana haki ya kuogopa. Hata hivyo, anaposema kwamba Nyanza haijawahi kubadilisha kitu, anasahau jambo lililotokea karibu kabisa na kwao, huko Gem.

Mwaka 1920 Waingereza waliigeuza nchi hii kutoka himaya kuwa koloni. Kodi ya kibanda ilikuwa imepandishwa hadi kufikia kiasi cha shilingi 16, watu walikuwa wakikusanywa katika kambi za kazi wasizozitaka, na wanaume walilazimishwa kubeba kipande, ile karatasi yenye alama za vidole na majina ya waajiri, iliyofungiwa ndani ya kikebe cha chuma na kuning'inizwa shingoni. Tarehe 23 Desemba 1921 umati ulikusanyika Lundha, Gem, ukiongozwa na walimu na vijana waliopitia shule ya misheni ya Maseno, wakiwemo Jonathan Okwirri, Benjamin Owuor na Simeon Nyende. Hapo ndipo kilipozaliwa chama cha Young Kavirondo Association, ambacho wananchi walikiita kwa Kijaluo Piny Owacho, yaani nchi imesema. Mwaka uliofuata Gavana Edward Northey mwenyewe alikuja Nyahera kuwasikiliza. Kambi za kazi zikafungwa na kodi ikashushwa hadi shilingi 12. Koloni ilibaki koloni, hati za ardhi hawakupewa, na kipande kiliendelea kuning'inia shingoni kwa miaka mingi baadaye. Walipata sehemu ndogo ya walichokidai, lakini kwa mwenye nyumba aliyekuwa akiuza mbuzi ili alipe kodi, shilingi nne zilikuwa na uzito wake.

Ninachotaka ukitazame kwa makini ni namna walivyojipanga. Manung'uniko yalikuwapo katika kila boma kabla ya Lundha, na manung'uniko peke yake hayajawahi kumfikisha gavana Nyahera. Wale walimu waliyakusanya, wakayaandika katika orodha moja ya madai, wakachagua mwenyekiti, katibu na mweka hazina wa kuyafuatilia. Umati ulionekana kwa siku moja, ilhali kazi ya kuandika, kutembelea maboma na kukubaliana ni madai yapi yatangulie ilifanyika siku ambazo hakuna aliyekuwa akiwatazama. Mimi naamini hapo ndipo vuguvugu linapotofautiana na maandamano, na ndipo ninapoliona jibu la swali lako.

Chukua mfano wa pili, ambao babu yako aliushuhudia. Juni 1982 Bunge liliingiza Kifungu cha 2A katika Katiba na kuifanya KANU kuwa chama pekee kilichoruhusiwa na sheria. Mwaka 1988 wapigakura walipangwa mlolongo nyuma ya wagombea wao, na kila mtu aliona mstari mrefu ukitangazwa kuwa mfupi. Miaka ile wengi walisema, kama babu yako, kwamba hakuna kitakachobadilika. Lakini hapa hapa Kisumu, Askofu Henry Okullu wa Kanisa la Anglikana aliendelea kusema mimbarani mambo ambayo wabunge waliogopa kuyasema, na kanisa likawa mojawapo ya mahali pachache ambapo watu walikutana bila kuomba kibali cha chifu. Julai 1990 maandamano ya Saba Saba ya kudai vyama vingi yalikandamizwa, Kenneth Matiba na Charles Rubia walioyaitisha wakiwa tayari kizuizini. Agosti 1991 Jaramogi Oginga Odinga na wenzake wakaanzisha FORD, vuguvugu la upinzani. Novemba mwaka huo nchi wafadhili, zilipokutana Paris, zilisitisha misaada mipya, na Desemba Kifungu cha 2A kikafutwa.

Wapo wanaosema kwamba ni wafadhili walioleta vyama vingi. Mimi sikubaliani nao. Wafadhili hao hao walikuwa wameitoa misaada hiyo miaka yote ya mlolongo na vizuizi bila kuona tatizo, na kilichowafanya waone ni watu waliokuwa wamekataa kunyamaza. Vuguvugu haliwezi kuamua ni lini mlango wa juu utapata ufa, ila linaweza kuhakikisha kwamba siku ufa unapotokea, watu wako tayari mlangoni. Bahati mbaya, FORD ilipasuka kabla ya uchaguzi wa 1992, na Rais Moi akashinda kwa takriban asilimia 36 ya kura. Sheria ilikuwa imebadilika lakini mtawala alibaki. Ikachukua miaka kumi zaidi KANU kuondoka madarakani, na hadi Agosti 2010 Katiba mpya kuanza kutumika.

Sasa turudi kwenye Juni yako. Jioni moja ya mwezi ule nilisimama kwenye steji ya bodaboda karibu na soko la Kibuye. Kijana mmoja alikuwa ameketi juu ya tangi la pikipiki yake akisoma Mswada wa Fedha kutoka kwenye simu iliyopasuka kioo, kipengele kwa kipengele, akitafsiri kwa Kijaluo kadiri alivyoendelea. Alipofika kwenye VAT ya asilimia 16 kwa mkate, mama aliyekuwa akiuza mandazi kando aliacha kuyageuza na kumwambia arudie. Alirudia mara tatu, na mafuta yakaanza kutoa moshi. Nimeishi mji huu miaka mingi na sikuwahi kuona mswada wa kodi ukisomwa kando ya barabara. Mapendekezo ya mkate na ya mafuta ya kupikia yaliondolewa tarehe 18 Juni, Bunge likaupitisha mswada uliosalia tarehe 25 kwa kura 195 dhidi ya 106, na siku iliyofuata Rais akatangaza kwamba hatautia saini. Hakuna kizazi kilichotangulia cha Wakenya kilichowahi kuuangusha mswada mzima wa bajeti, nanyi mliuangusha.

Kilichotokea Desemba kina sababu yake. Mapendekezo yaliporudi, yalipitia kamati za Bunge kama miswada mingine yote, na vikao hivyo viko wazi kwa umma kwa mujibu wa Kifungu cha 118 cha Katiba. Je, wale vijana wa steji walikuwa na mwakilishi kwenye vikao hivyo? Kulikuwa na daftari lenye majina yao, ada ya shilingi hamsini kwa mwezi, na mtu mmoja aliyepewa kazi ya kusoma matangazo ya Bunge? Najua mlijivunia kutokuwa na kiongozi, na mlikuwa na sababu, kwani kiongozi hukamatwa na kiongozi hununuliwa. Hata Piny Owacho ilipatwa na jambo la aina hiyo: mwaka 1923 Arkidikoni Walter Owen aliupokea uongozi, jina likageuzwa kuwa chama cha ustawi wa walipakodi, na nguvu nyingi zikaelekezwa kwenye kuchimba vyoo na kuua panya, ambayo ni mambo mema lakini siyo yaliyowakusanya watu Lundha. Hata hivyo, kukosa kiongozi si sawa na kukosa katibu. Mnaweza kuwa na makatibu kumi wanaobadilishana kila miezi mitatu, mradi kazi isilale.

Kuhusu wenzako wanaotaka silaha, ninawasihi waache. Watafiti wawili, Erica Chenoweth na Maria Stephan, walichunguza harakati 323 kote duniani kati ya mwaka 1900 na 2006. Waligundua kwamba zile zisizotumia silaha zilifanikiwa kwa asilimia 53, na zilizotumia silaha kwa asilimia 26. Sababu yake inaeleweka ukiifikiria kwa mfano wa mtaa wako: mama wa mandazi anaweza kufunga kibanda chake siku ya mgomo, mwalimu anaweza kutia saini ombi, na hata askari mwenye ndugu katika umati anaweza kusitasita, lakini siku mtakapobeba silaha wote hao watajifungia ndani na mtabaki nyinyi peke yenu mbele ya watu wenye bunduki nyingi kuliko zenu.

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mama wa wasichana watatu, Kehancha. Mume wangu na mimi tuliamua kwamba hawatakeketwa. Sheria iko upande wetu, lakini kila likizo ya Novemba na Desemba shangazi zao huja kunisema, na majirani humwita binti yangu mkubwa jina la dharau kisimani. Mama mkwe ananiuliza ni nani atakayemwoa. Kwa nini sheria ipo na mila haiondoki?
Mama wa Watatu, Kehancha

JIBU: Mama, tunakupa heshima kwa uamuzi huo, na tunajua kwamba kuufanya ilikuwa rahisi kuliko kuishi nao kila siku.

Sheria unayoitaja ni ya mwaka 2011, na adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka mitatu au faini isiyopungua shilingi 200,000. Wengi hawajui kwamba sheria hiyo hiyo inamwadhibu pia anayemtukana au kumdhihaki msichana kwa kutokeketwa, kwa kifungo kisichopungua miezi sita au faini isiyopungua shilingi 50,000. Jambo hilo walielezwe wale wa kisimani, na ni vyema lielezwe na chifu au mwalimu mkuu badala yako wewe mwenyewe.

Umeona sawa, hata hivyo, kwamba sheria peke yake haitoshi. Mwaka 1956 wazee wa Njuri Ncheke kule Meru, kwa kuhimizwa na serikali ya kikoloni, walipiga marufuku ukeketaji. Wasichana wakakusanyika vichakani na kukatana wenyewe kwa nyembe, wakajiita Ngaitana, yaani nitajitahiri mwenyewe, na katika miaka mitatu zaidi ya watu 2,000 walishtakiwa. Amri ilikuwa imetolewa na wanaume, ikisimamiwa na mkoloni, na hakuna aliyekaa na mama hata mmoja kumuuliza binti yake angeitwa nini asipopita jandoni. Marufuku ile ikageuka kuwa kitu cha kukaidi kwa ajili ya heshima.

Sasa tazama mwendo wa miaka ya karibuni. Utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 1998 ulionyesha kwamba asilimia 38 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa, na ule wa mwaka 2022 ukaonyesha asilimia 15. Upungufu huo ulikuwa umeanza kabla ya sheria ya 2011, kwa kazi ya vikundi vya wanawake, walimu, makanisa na wauguzi ambao majina yao hayako kwenye kitabu chochote. Kwenu Kuria mabadiliko yamekuwa ya polepole kuliko kwingi, nami nadhani mama mkwe wako ameshakueleza sababu yake bila kukusudia: ni nani atakayemwoa?

Swali hilo si la ujinga. Mzazi anayeacha mila peke yake anaona kwamba binti yake ndiye atakayelipia, hata ikiwa mioyoni mwao wazazi wote wa kijiji wamechoka nayo. Huko Senegal, mwaka 1997, wanawake wa kijiji cha Malicounda Bambara walitangaza hadharani kwamba wameacha ukeketaji, na baada ya hapo imamu mmoja wa kijiji kingine akawaonyesha kilichopungua. Aliwaambia kwamba kijiji kimoja hakiwezi kuacha, kwa kuwa watu huoa na kuolewa katika vijiji vya jirani, kwa hiyo lazima ndugu wote waulizwe. Akafunga safari kwa miguu, kijiji hadi kijiji, akizungumza na jamaa zake, na mwaka uliofuata vijiji kadhaa vikatangaza pamoja. Mila inayoshikiliwa na ndoa huachwa na watu wanaooana, kwa pamoja.

Kwa hiyo usianze na wazee wa mila wala na mkutano wa hadhara. Anza na wazazi watano wenye wavulana na wasichana wa rika la wanao, hasa wale ambao mngeweza kuozeshana, na muulizane kwa siri nani kati yenu angekubali mkwe asiyekeketwa. Utashangaa ni wangapi waliokuwa wakingoja mtu mwingine aseme kwanza. Kiapo cha familia tano kitamlinda binti yako kisimani kuliko hotuba yoyote ya afisa wa kaunti.

Mahali pengine kilichoshikilia mila si ndoa bali mali, na hapo dawa huwa tofauti. Katika fuo za Ziwa Victoria kulikuwa na desturi ya jaboya, ambapo mwanamke mchuuzi alilazimika kulala na mvuvi ili apate samaki wa kuuza, na Ukimwi ukasambaa nayo. Mahubiri hayakuigusa, kwa sababu mashua zilikuwa za wanaume. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, wanawake wa ufuo wa Nduru karibu na Kisumu waliungana, wakapata mashua zao kwa msaada wa wahisani, wakawaajiri wanaume wawavulie, na wakakipa kikundi chao jina la No Sex for Fish. Mwenye mashua haombi samaki. Kisha mwaka 2020 maji ya ziwa yakapanda na kufunika makazi yao, na wengi wakarudi kuanza upya. Ninalitaja hili kwa uchungu, kwa kuwa ushindi wa wanyonge mara nyingi hukaa mahali ambapo mafuriko hufika kwanza.

SWALI: Mhariri, tunaishi mtaa mmoja wa Nakuru. Uwanja ambao watoto wetu huchezea mpira umezungushiwa mabati, na tunasikia umepewa mtu binafsi. Vijana wanataka kuyang'oa usiku. Tufanyeje?
Wazazi wa Mtaa, Nakuru

JIBU: Wazuieni kwanza, kwa maana mabati yakishang'olewa habari itakuwa ya uharibifu na si ya uwanja.

Mwaka 1989 Profesa Wangari Maathai alisikia kwamba jumba la ghorofa 60 litajengwa ndani ya Uhuru Park, Nairobi. Alianza kwa kuandika barua: kwa ofisi za serikali, kwa mabalozi, kwa mashirika ya kimataifa, akiuliza katika kila barua swali lile lile lililo wazi. Alikwenda pia mahakamani, na kesi ikatupwa kwa hoja kwamba hakuonyesha ni hasara gani yeye binafsi angeipata, kana kwamba bustani ya umma si ya mtu yeyote. Wabunge walimkejeli. Lakini barua zilikuwa zimekwisha kusambaa, waliotarajiwa kutoa mkopo wakaogopa, na jumba halikujengwa.

Kesi ile iliyotupwa ina manufaa kwenu leo. Katiba ya 2010 inamruhusu mtu yeyote, katika Vifungu vya 22 na 258, kwenda mahakamani kwa niaba ya umma bila kuthibitisha kwamba ameumizwa yeye mwenyewe, na Kifungu cha 70 kinasema vivyo hivyo kuhusu mazingira. Mlango aliofungiwa Profesa Maathai uko wazi kwenu.

Tafuteni ramani ya mtaa inayoonyesha uwanja huo kuwa wa umma, na mkafanye upekuzi katika masjala ya ardhi ili mjue ni jina la nani limeandikwa. Andikeni ombi rasmi kwa Bunge la Kaunti, haki mliyo nayo chini ya Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, na nakala mzipeleke kwa Tume ya Taifa ya Ardhi. Mkiamua kuandamana, Kifungu cha 37 kinawaruhusu, mradi mkiwa na amani na bila silaha. Sheria ya Utulivu wa Umma inataka mkuu wa kituo cha polisi apewe taarifa si chini ya siku tatu wala zaidi ya siku 14 kabla. Chagueni siku ya Jumamosi, watoto waje na jezi zao na mpira. Na kila karatasi mnayoipeleka katika ofisi yoyote, hakikisheni nakala yenu imegongwa muhuri na kutiwa tarehe kabla hamjaondoka pale dirishani.